Kijana Wetu Anazima Simu

Leo alfajiri mwanagenzi wa karakana yetu hapa Hamburg, Ujerumani, mtoto wa miaka 17, amepiga simu kabla hatujafungua: treni imekwama, atachelewa, kazi ya jana imebaki hatua fulani. Nimefurahi. Halafu nimepandwa na hasira, maana nimewakumbuka vijana wa Moshi na Arusha ambao kila nikija likizo naombwa niwatafutie fildi, yaani nafasi ya mafunzo kazini.

Akiumwa, yule mwanagenzi lazima atoe taarifa mara moja. Ugonjwa ukizidi siku 3, lazima daktari authibitishe. Ana daftari la mafunzo ambalo fundi wake husaini, na bila hilo haingii mtihani wa mwisho. Miezi ya majaribio, kati ya mmoja na minne, mwajiri anaweza kumuachisha siku yoyote. Basi anajifunza kusema mapema, kwa sababu kusema mapema ni sehemu ya somo.

Wa kwetu akiumwa, anazima simu. Akiharibu kitu, ananyamaza mpaka kigundulike. Daftari la fildi analijaza usiku mmoja, msimamizi akikaribia kuja.

Tayari nasikia: "Huyu kaonja Ulaya, anatutukana." Nimezaliwa Pasua, Moshi, mama yangu bado anauza ndizi Kiboriloni, na simtukani mtoto wa mtu. Nasema tumemfundisha kunyamaza. Darasani akisema hajaelewa, wenzake wanamcheka na mwalimu anamwambia alikuwa amelala. Nyumbani akimpa mkubwa habari mbaya, anaambiwa ana mdomo. Kisha tunamtarajia siku ya kwanza hotelini Njiro, Arusha, amwambie meneja, "Samahani bosi, nimegawa chumba kimoja kwa wageni wawili, nisaidie." Atautoa wapi ujasiri huo? Na hoteli ikichukua mtu wa mapokezi kutoka Nairobi, tunanuna.

Mwingine atasema ajira zenyewe hakuna. Kweli, ni chache, na hilo linaniuma kama linavyowauma. Ila wangapi mnawajua walioipata na kuipoteza ndani ya miezi miwili, wakiwa na vyeti vizuri kabisa?

Na msiniambie Mwafrika ndivyo alivyo. Pandeni Mlima Kilimanjaro. Jioni kambini mwongoza watalii anamuuliza kila mgeni: umekula, kichwa kinauma, umelala? Anampima oksijeni. Usiku wa kuelekea kilele cha Uhuru, mita 5,895, anamtazama mtu aliyelipa maelfu ya dola na kumwambia bila kumvunjia heshima: wewe unashuka sasa. Wengi wao walianza kama wagumu, yaani wapagazi, wakabeba mizigo huku wakiwatazama wakubwa wao wanavyosema. Hakuna mwanagenzi wa Hamburg anayewazidi hapo, na nasema hivyo kwa kifua mbele.

Sera ya Elimu ya 2014, toleo la 2023, imetuletea mkondo wa amali, yaani mafunzo ya ufundi na kazi, sekondari. Vizuri. Sasa walimu wa amali, mpeni mwanafunzi simu mbele ya darasa, ampigie fundi kusema atachelewa. Arudie mpaka sauti isitetemeke. Anayekiri kosa kabla halijagunduliwa apewe alama zake. Mkoa wa Kilimanjaro umejaa waongoza watalii waliostaafu, wamekaa nyumbani Marangu na Machame. Shule ngapi zimewahi kumwita hata mmoja wao darasani?