Kawaida ni ngapi?

Mwezi jana tulikuwa tunaenda harusi Voi, gari imejaa, mie, mke wangu, watoto wawili, shemeji, na gunia la nazi kwa buti. Tukasimama kwa petroli pale Changamwe, kijana wa kutia upepo wa tairi akavuta paipu akauliza, "Nitie ngapi, bosi?" Nami niko na simu mkononi, hata shingo sijageuza, "Tia kawaida tu." Akatia, nikampa hamsini, huyoo tukaondoka.

Tushapita Mariakani, jua la saa saba, tairi ya nyuma kushoto ikapasuka paaa! Mkia wa gari ukayumba, nashukuru Mungu hakukuwa na trela nyuma yetu. Shemeji akaanza, yule kijana hajui kazi, nami nikamuunga mkono, tukamlaani mtoto wa watu pale kando ya barabara.

Lakini usiku nikajiuliza, kawaida ni ngapi jamani? Kawaida ya tuktuk? Ya lori? Kipimo kiko kwa stika, ukifungua mlango wa dereva unaiona, na gari yangu nimekaa nayo miaka 4 sijawahi kuisoma! Ni PSI 32 (PSI ndo kipimo cha upepo) gari ikiwa tupu, nikipakia watu na mzigo inapanda. Na ile namba kubwa imeandikwa kwa tairi yenyewe sio ya kujaza, huo ni mwisho wa upepo tairi inaweza kubeba.

Halafu wengi wetu tunadhani tairi hupasuka sababu imejazwa sana, kumbe mara nyingi ni upepo mchache, manake tairi laini inajikunja kila ikizunguka, kule kujikunja ndo kunatoa moto, sasa ongeza nazi, ongeza spidi, ongeza lami ya saa saba, nyuzi za ndani zinaachana. Na nyie wa kupiga teke mkasema "iko sawa", tairi za siku hizi ikiwa na 22 kwa macho huioni tofauti yoyote.

Sasa nimenunua geji yangu, napima asubuhi kabla sijawasha gari, maana ukishatembea upepo unapata joto namba inapanda, ukikimbilia kuupunguza kesho iko chini. Kijana wa paipu kazi yake ni kutia ile namba umemwambia. Kama hukumwambia namba, kosa ni lako wewe uliyeshika usukani, si lake, na mie naongea kama mkosaji hapa. Tunapiga rimu polishi hadi unajiona sura, geji hatuna!

Basi siku ile tukashusha nazi, tukatoa spea. Spea nayo chapati. Mara ya mwisho kuiangalia? Sikumbuki. Dereva mmoja wa lori akatuonea huruma akatutilia upepo kwa paipu yake, na tukafika Voi sahani zishaoshwa.