Mtangazaji wa Mombasa: abaki Pwani au aende bara?

Leonard Mambo Mbotela alizaliwa Freretown, Mombasa, mwaka 1940, lakini jina alilipatia Nairobi, katika Sauti ya Kenya aliyojiunga nayo mwaka 1964. Miongo kadhaa baadaye Lulu Hassan na Rashid Abdalla walitokea redio za Mombasa, na mwaka 2018 wakaanza kusoma taarifa pamoja kama mume na mke kwenye Citizen TV, huko huko Nairobi. Si ajabu kijana wa Kisauni au Majengo anayeota kutangaza akaona kubaki nyumbani ni kujichelewesha.

Wanaomhimiza aondoke wana hoja nzito. Kiti cha taarifa ya saa moja usiku kiko Nairobi, na wahariri wanaoamua nani akikalie wako huko. Anayebaki mara nyingi huwa mwakilishi wa kulipwa kwa kila habari inayorushwa: apige picha, ahoji, ahariri, atume. Habari ikikosa nafasi, nauli na bando zimemtoka mfukoni. Mwenye watoto hawezi kupanga kodi ya nyumba kwa pato kama hilo.

Hata hivyo, kuondoka mapema nako kuna hasara, na hii ndiyo isiyosemwa vya kutosha. Mtu wa Pwani husifiwa lafudhi kwa kuwa dh, th na gh humtoka bila kuzitafuta. Sifa hiyo humfikisha mlangoni, basi. Kinachowaangusha wengi ni usomaji: macho yanatembea kwenye prompta, ile skrini inayoonyesha maneno ya kusoma, pumzi inakatika katikati ya sentensi, tarakimu zinamkwamisha. Kwa mwendo wa utulivu, nusu dakika hubeba maneno 50 hadi 60 ya Kiswahili. Ukizidisha, msomaji ataanza kukimbia. Sh4,750,000 iandikwe “shilingi milioni nne, laki saba na elfu hamsini”, na isomwe kwa sauti kabla ya kwenda hewani. Redioni ndipo pa kuyazoea haya, maana huko hakuna sura wala vazi la kufunika kosa. Baraka FM na Radio Rahma ziko Mombasa papa hapa.

Halafu kuna mubashara. Ukisimama Likoni, kipaza sauti kisichovikwa sponji hunasa upepo kuliko maneno. Sauti ya studio hukufikia imechelewa, pengine sekunde moja au mbili, ndiyo maana watu wawili huishia kukatizana. Subiri swali liishe kabisa, vuta pumzi, kisha jibu. Jua la saa sita hutia kivuli machoni, na kanzu nyeupe huilaghai kamera iliyoachwa ijipimie mwanga, uso ukatoka giza. Mpiga picha apime mwanga usoni. Aliyekomaa hapo hababaiki prompta ikizimika.

Tena kuna kuijua habari yenyewe. Mombasa ilipopiga marufuku muguka, majani ya kutafuna ya jamii ya miraa, Mei 2024, mtangazaji alihitaji kuelewa kilio cha wazazi wa hapa na pia hofu ya wakulima wa Embu, ambao zao hilo ndilo riziki yao. Bila ya hayo angeishia kuuliza maswali ya juu juu.

Kwa maoni yangu aende, ila akishaweza kuhoji na kueleza tukio mubashara bila karatasi. Vituo navyo viache kumlipa mwakilishi wa Pwani kwa kipande. Vimpe mkataba na mshahara wa mwezi, kisha aamue kuhama au kubaki bila kusukumwa na njaa.