Kofia Saba za Cartagena

Mimi ni mtoto wa Kibokoni, Mji wa Kale, Mombasa. Nimelelewa na mama ambaye jioni husuka ukili kibarazani na asubuhi huenda Marikiti kuwaliza wauza nazi. Kupatana bei sikufundishwa, nilinyonya. Nasema haya mapema ili ujue niliporomoka kutoka wapi.

Nafanya kazi kwenye meli ya watalii. Natandika vitanda, nafuta vioo, nakunja mataulo yawe umbo la tembo. Mwenzangu wa zamu ni kijana wa Honduras, na ndiye aliyenifunza Kihispania, yaani alinifunza kuhesabu, kwa sababu kutwa nzima tunahesabu mataulo. Uno, dos, tres, hadi mia. Nje ya hesabu sikuwa na kitu. Lakini nilishagundua kwamba bendera wao huita bandera, meza ni mesa, mvinyo ni vino, nikajiona nimebakisha kidogo tu nipewe shahada. Wareno walitutesa miaka mingi kule kwetu. Angalau walituachia msamiati.

Meli ilipotia nanga Cartagena, Kolombia, nikapata ruhusa ya kushuka kuanzia saa tano asubuhi, kurudi saa kumi kamili. Yule Mhonduras akanipa wosia mmoja tu: "Kaka, hawa watu hawatamki elfu. Ukiambiwa ishirini, ujue ni peso 20,000." Nikamshukuru. Nusu ya elimu hiyo ndiyo iliyonimaliza.

Bandari yenyewe iko mtaa wa Manga, na ukishuka tu unalakiwa na heroe, tausi na kasuku wakubwa wenye rangi zote za kanga za dukani. Abiria wetu walikuwa wamewiva kama kamba wa kuchemsha. Mimi nikavuta pumzi: joto la Mombasa, unyevu wa Mombasa, harufu ya bahari ile ile. Hata mji ulinizoea haraka. Roshani za mbao, milango mizito yenye misumari ya shaba, vichochoro vyenye kivuli upande mmoja. Na kufanana huko si bure. Ngome yetu ya Fort Jesus, iliyoanza kujengwa 1593, na mipango ya mwanzo ya kuta za Cartagena vilichorwa na Wataliano wawili tofauti, wote wakiitwa Battista, wote wakimtumikia Felipe wa Pili, mfalme wa Hispania aliyekuwa ameshika na Ureno pia. Kule Cartagena walimwita Battista wao baada ya Mwingereza Francis Drake kuuteka mji mwaka 1586 na kugoma kuondoka mpaka alipwe. Bei ilipatanwa. Kwa hiyo huo ni mji wa watu wanaojua kupatana tangu zamani, jambo ambalo ningelitia akilini.

Nikaingia kwa lango la Mnara wa Saa. Nyuma yake pana uwanja wa Plaza de los Coches, na hapo sikuwa na la kuchekesha: ndipo watu walioletwa kutoka Afrika walipokuwa wakiuzwa. Nikasimama kidogo, nikasoma Fatiha, nikaendelea. Pembeni kuna baraza ndefu ya matao, Portal de los Dulces, akina mama wamepanga vitamu kwenye vyupa vya kioo. Nikanunua cocada. Ni kashata, jamani. Kashata ya nazi kabisa, imevuka bahari ikabadili jina kama mtu anayekimbia madeni.

Nikiwa natafuna, akaniita mama mmoja mweusi ti, amevaa gauni la manjano, buluu na nyekundu, ana beseni la matunda kichwani. Hawa huitwa palenquera, asili yao San Basilio de Palenque, kijiji kilichoanzishwa na watumwa waliotoroka na kukataa kurudishwa. Watalii hupiga nao picha, na picha ina malipo. Mimi nikataka picha ya bure, ya undugu. Nikampigia mahesabu ya lugha: fedha zao ni peso, sisi tunasema pesa, tofauti iko wapi? Nikamwonyesha viganja vitupu, nikasema kwa sauti ya huzuni: "No pesa, mama. No pesa."

Akanitazama. "¿No pesa?"

"No pesa!"

Akashusha beseni kichwani pake akanitwika mimi.

Kumbe kwa Kihispania nilikuwa nimemwambia, tena mara mbili, kwamba mzigo wake si mzito. Nanasi, mapapai, matikiti, ndizi, vyote shingoni pangu. Magoti yakaanza kutafutana. Watalii wakapiga picha mpaka wakachoka, bure, na mama yule anacheka ameshika kiuno. Aliponitua akanipigapiga begani, akaniita "moná". Nikashtuka. Moná ni mtoto. Ni mwana huyu huyu wetu. Lugha ya Palenque imebeba maneno ya Kikongo ndani ya Kihispania, na ng'ombe kwao ni ngombe hadi leo. Nikalipa peso 10,000 kwa adabu zote. Mtu akishakuita mwana, utamwambia nini?

Mfukoni zikabaki 180,000. Nikaelekea Las Bóvedas.

Las Bóvedas ni vyumba 23 vilivyojengwa ndani ya ukuta miaka ya 1790, vikawa ghala, kisha jela. Siku hizi ni maduka ya vitu vya watalii. (Fort Jesus nayo ilikuwa jela hadi 1958. Inaonekana mzungu akijenga ngome, kesho yake anatafuta wa kumfungia humo.) Nilichofuata mimi ni kofia moja tu, sombrero vueltiao, ile pana yenye mistari myeusi na myeupe inayozunguka. Nilikuwa nimeiona kwenye vichwa vya watu tangu asubuhi, na roho imekwama.

Muuzaji alikuwa mzee mwenye masharubu. Akachukua moja, akaikunja mara nne kama leso, akaitia mfuko wa suruali, akaitoa, ikafunguka yenyewe haina hata kunyanzi. Uganga mtupu. Akanyoosha kidole: "Veintiuno."

Ishirini na moja. Elfu, bila shaka. Mimi si wa kudanganywa. Siku ile shilingi moja ya Kenya ilikuwa karibu peso 30, kwa hiyo ni shilingi 700. Rahisi, lakini kwetu bei ya kwanza ni salamu, hailipwi. Nikaguna, nikaangalia dari, nikasema: "Diecinueve."

Kumi na tisa. Mzee uso ukamng'aa. "¡Ah, usted sabe!" Yaani, kumbe unajua! Akairudisha ile kofia, akachukua nyingine.

Hapo nikamjua ni mwenzangu. Marikiti wanafanya hivyo hivyo kwa machungwa: ukishusha bei, mkono wake nao unashuka hadi tenga la chini. Nikaipapasa ile ya pili. Nzuri, nzito kidogo. Nikatikisa kichwa: "Quince."

Kumi na tano. Akaniinamia kwa heshima, kama amekutana na profesa, akaleta ya tatu. Hii ilikuwa ngumu kama ungo, lakini bado ni kofia, ina mistari yote. Sasa tamaa ikanipanda. Nikapiga meza kidogo nikasema: "Diez!"

Mzee akanitazama kama mtu aliyeulizwa kama ana mbuzi wa miguu miwili. "No hay," akasema pole pole. Hakuna. Nikaelewa: bei ya mwisho. Sawa. Kumi na tano, yaani shilingi 500. Nimemtoa 21 hadi 15 kwa maneno matatu na mguno mmoja. Mama angeniona!

Na hapo ndipo shetani akaninong'oneza kwamba kwa bei hiyo kuchukua moja ni upumbavu. Nikanyoosha vidole: "Siete." Saba. Mzee akaita ndani kwa furaha, akatoka binti na mifuko.

Nikatoka mlangoni, nikatuma ujumbe wa sauti kwenye grupu la ukoo. Ilikuwa saa saba u nusu mchana, Mombasa ni saa tatu u nusu usiku, wote wameshakula wako na simu. "Assalamu alaikum ahli zangu. Kofia zimepatikana! Ya baba ipo. Ami, yako ipo. Mjomba mkubwa na mjomba mdogo, zenu zipo. Shemeji asilie, yake ipo. Yule bwana wa duka aliyenikopesha nauli nilipokwenda kupimwa afya ya ubaharia, mwambieni yake ipo. Na mimi." Simu ikaanza kulia dua na mioyo.

Asubuhi ile ile nilikuwa nimepita sanamu ya admirali Blas de Lezo, chini ya ngome ya San Felipe: mguu mmoja, jicho moja, mkono mmoja wa kufanyia kazi. Mwaka 1741 Waingereza wa admirali Vernon walikuja na meli chungu nzima, wakateka ngome za nje, wakatuma habari London kwamba kazi imekwisha. London wakafua medali zinazomwonyesha Lezo amepiga magoti. Lezo hakupiga magoti, na mji haukutekwa. Mimi medali zangu nilizifua saa saba u nusu.

Nikarudi ndani nimeshika 105,000 mkononi, nimezihesabu barabara. Binti akabonyeza kikokotoo akanigeuzia: 420,000.

Nikacheka. Nikamwonyesha 105. Akacheka yeye. Akanionyesha tena 420. Tukachekeana hivyo kwa muda, kisha nikaacha peke yangu.

Binti alikuwa na Kiingereza. Akanieleza kwa upole, kama muuguzi. Kofia hizi husukwa na Wazenú, wenyeji wa asili wa huko, kwa nyuzi za mmea wa caña flecha. Wanasuka utepe mrefu, halafu wanaushona kwa kuuzungusha. Tangu 2004 ni alama ya taifa. Na ubora wake huhesabiwa kwa jozi za nyuzi ndani ya utepe. Yenye jozi 15 ni ngumu na ya bei ya chini. Ya 19 ni bora. Ya 21 ni laini, ndiyo unayoweza kuikunja ukaitia mfukoni.

"Babu anasema hajapata kuona mgeni anayezijua kofia kiasi hiki," akaongeza. "Amekuuliza tu kwa nini uliendelea kuchagua mbaya zaidi."

Bei yenyewe ya ile ngumu ilikuwa 60,000. Hatukuwa tumeizungumza hata mara moja. Kwa dakika kumi nzima nilikuwa nimepigana kwa nguvu zangu zote, kwa ujuzi niliorithi kwa mama, ili niletewe kofia mbovu, na nikafaulu.

Nilijaribu kuanza upya, sasa kwa kupatana kwa kweli, lakini utapatana nini na mzee anayekuheshimu? Nilipotaja 40 akaanza kutafuta kofia ya jozi 40. Nikatoa 180,000 zote, nikachukua tatu, nikaaga. Sikubakiwa na hata nauli ya teksi.

Kutoka Las Bóvedas hadi Manga kwa miguu, jua la saa nane, si mchezo. Zile za jozi 15 hazikunjiki, na mfuko wa binti ulikatika mkono nikiwa mtaa wa Getsemaní. Nikazivaa zote tatu, moja juu ya nyingine. Sasa Cartagena wachuuzi wa kofia hutembea vivyo hivyo, mnara wa kofia kichwani. Mwanamume mweusi, shati jeupe, anatoka jasho, kofia tatu. Hakuna aliyeniona baharia. Kila hatua kumi mtu ananiuliza bei, na mchuuzi mmoja wa kweli alinifokea kwa Kihispania kirefu, nadhani nilikuwa nimeingia eneo lake.

Karibu na daraja wakanisimamisha mzee na mkewe, Waingereza. Niliwajua: wako chumba cha tatu kwenye ujia wangu, mume hukoroma. Wao hawakunijua. Wakanipanga dhidi ya ukuta, bibi akasimama kando yangu, picha ikapigwa, nikatiwa dola moja kiganjani. Nikaichukua. Nilimkumbuka yule mama wa Palenque nikanyoosha na mgongo, ili picha itoke vizuri.

Nilipanda meli saa kumi kasoro dakika sita. Kesho yake asubuhi nabadilisha mashuka yao, bibi akaniletea simu: "Mtazame huyu, mwenyeji wa Cartagena. Mnafanana kidogo, au macho yangu?" Nikamwambia ndiyo, puani hapo kidogo.

Grupuni nililazimika kuwavua watu wanne kofia ambazo hawajazivaa. Wajomba walinyamaza. Shemeji aliandika "sawa" na nukta. Ami alitoka kwenye grupu, na mpaka leo ukipandisha juu utaona maandishi hayo.

Mkataba ulipoisha nikafika nyumbani na tatu zilizobaki. Moja nikaipeleka kwa bwana wa duka, ya pili nikabaki nayo, ya tatu baba akaivaa palepale anataka kwenda nayo barazani kunywa kahawa. Mama akamvua kabla hajafika mlangoni. Akaipindua, akaisogeza kwenye mwanga, akapitisha ukucha wa kidole gumba juu ya utepe, midomo ikihesabu bila sauti.

"Huu si ukili huu?" akasema. "Jozi kumi na tano." Akanigeukia. "Na huko dukani, mwanangu, hakukuwako na za kumi na tisa?"