Upepo wa baharini: hesabu kutoka upande wa Moshi

Machi 2025, Rais Samia Suluhu Hassan akiwa ziarani mkoani Kilimanjaro alieleza kwamba serikali itanunua umeme kutoka Ethiopia, upitie Kenya, kwa ajili ya mikoa ya Kaskazini. Sababu aliyoitoa ni kwamba umeme wetu unazalishwa mbali, na unapotea mwingi njiani kabla ya kutufikia. Kauli hiyo ilizua mjadala mkali huku kwetu. Wengine walikasirika: tumejenga Bwawa la Julius Nyerere la megawati 2,115, iweje tena tubishe hodi kwa jirani? Wengine, hasa vijana waliosoma, waliuliza swali ambalo ndilo limenifanya niandike. Tuna pwani ya zaidi ya kilomita 1,400 na upepo unavuma mchana na usiku. Kwa nini tusisimike mitambo ya upepo baharini kama wanavyofanya Ulaya?

Swali hili lina haki ya kujibiwa kwa hesabu, kwa hiyo nianze na upande wake wenye nguvu.

Denmark ndiyo iliyotangulia. Mwaka 1991 walisimika mitambo 11 katika bahari ya Vindeby, yote kwa pamoja ikitoa chini ya megawati 5. Leo shamba moja tu la upepo la Uingereza, Hornsea 2, lina uwezo wa zaidi ya megawati 1,300. Safari hiyo ya miaka thelathini ina maelezo. Nguvu inayopatikana kwenye upepo haipandi sambamba na kasi yake: kasi ikiongezeka mara mbili, nguvu inaongezeka mara nane. Mahali penye upepo wa mita 8 kwa sekunde panatoa zaidi ya mara mbili ya mahali penye mita 6. Baharini hakuna kilima wala msitu wa kuuvunja upepo, kwa hiyo unavuma kwa kasi zaidi na kwa utulivu zaidi. Halafu kuna suala la usafirishaji. Panga moja la mitambo mikubwa ya sasa lina urefu wa mita 115, yaani linaupita uwanja wa mpira. Hakuna namna utalipitisha panga hilo kwenye kona za barabara zetu, lakini meli inalibeba.

Faida ya tatu mtu wa Kilimanjaro anaielewa bila kuelezwa: ardhi. Sisi ambao kihamba, yaani shamba la ukoo, kimegawanywa kwa baba, wana na wajukuu mpaka kimebaki ukanda wa migomba, tunajua maana ya mradi usiodai shamba la mtu. Wenzetu wa Kenya walijenga shamba kubwa la upepo karibu na Ziwa Turkana, mitambo 365 yenye megawati 310. Mwaka 2021 mahakama iliamua kwamba hati za ardhi ile hazikutolewa kwa kufuata sheria, baada ya wananchi wa Marsabit kwenda kulalamika. Baharini huna kesi ya namna hiyo. Una nyingine, nitaifikia.

Na faida ya hewa ni ya kweli. Uingereza ilizima kituo chake cha mwisho cha umeme wa makaa ya mawe Septemba 30, 2024, na upepo wa baharini ni miongoni mwa vilivyowezesha hilo. Ila hapa ndipo hesabu yao inapoanza kutofautiana na yetu. Wao waliondoa makaa ya mawe kwenye gridi. Sisi gridi yetu inategemea maji, na baada ya maji ni gesi ya Songo Songo na Mnazi Bay. Kila uniti ya upepo tutakayoingiza itapunguza gesi au itatunza maji. Ni faida, lakini kwa upande wa hewa ni ndogo kuliko ile waliyoipata wao.

Sasa gharama. Kwa hesabu za Shirika la Kimataifa la Nishati Jadidifu, IRENA, za mwaka 2023, uniti moja ya umeme wa upepo wa baharini iligharimu duniani wastani wa senti 7.5 za dola. Ya upepo wa nchi kavu iligharimu senti 3.3. Kusimika kilowati moja baharini kulikuwa wastani wa dola 2,800, nchi kavu dola 1,160. Tuilete hesabu hiyo nyumbani. Megawati 100 za baharini ni dola milioni 280, takriban shilingi bilioni 700. Bwawa la Julius Nyerere limegharimu takriban shilingi trilioni 6.5, ambazo ukizigawa kwa megawati zake unapata kama bilioni 310 kwa kila megawati 100. Yaani kwa fedha ileile tungepata megawati za bwawa zaidi ya mara mbili ya zile za baharini.

Mtu atasema bei inashuka. Ilishuka kweli, kwa muda mrefu. Kisha mwaka 2023 ukafika. Julai mwaka huo kampuni ya Vattenfall ya Sweden ilisimamisha mradi wake wa Norfolk Boreas, ikisema gharama zimepanda kwa asilimia 40. Septemba serikali ya Uingereza ikaitisha mnada wa mikataba ya umeme na hakuna mradi hata mmoja wa upepo wa baharini uliojitokeza, kwa sababu kikomo cha bei kilichowekwa hakikuwalipa. Novemba, Ørsted ya Denmark ikaachana na miradi miwili katika jimbo la New Jersey, Marekani. Chuma kilikuwa kimepanda bei na riba za mikopo zimepanda. Jambo la riba tulitazame kwa makini sana, maana mtambo wa upepo hauna mafuta ya kununua. Karibu gharama yake yote unailipa mwanzoni, kwa mkopo. Nchi inayokopa kwa riba nafuu inauza umeme wa upepo kwa bei nafuu, na nchi inayokopa dola kwa riba kubwa inauza umeme uleule, wa mtambo uleule, kwa bei ghali. Kama kampuni za Denmark na Sweden zilishindwa mwaka ule, sisi tungesimama wapi?

Kisha kuna waya. Umeme wa baharini hauji nchi kavu bila waya uliolazwa chini ya maji, na hapa Tanzania tuna ushahidi wetu wenyewe. Unguja inapata umeme kutoka bara kwa waya unaoingilia Ras Kiromoni na kutokea Fumba. Desemba 2009 njia hiyo iliharibika, na kisiwa kizima kikakaa karibu miezi mitatu bila umeme wa gridi, mpaka Machi 2010. Hoteli, hospitali na maduka viliendeshwa kwa jenereta, asiye na jenereta akakaa gizani. Mei 2024 tulionja kitu kama hicho upande wa intaneti: nyaya mbili za baharini zilikatika, na hata huku mlimani miamala ikasuasua. Kitu kikiharibika chini ya bahari huendi na fundi na ngazi. Unahitaji meli maalumu, bahari iliyotulia na fedha za kigeni.

Kina cha maji nacho kina neno lake. Mitambo inayosimikwa kwenye sakafu ya bahari huwekwa kwenye kina kisichozidi mita 60 hivi. Mkondo wa Zanzibar, kati ya Unguja na bara, una kina cha namna hiyo. Lakini sehemu ya pwani iliyo karibu na sisi wa Kaskazini ni Tanga, na kati ya Tanga na Pemba bahari inashuka mamia ya mita. Ndiyo maana samaki wa kale, silikanti, anapatikana kule, na tangu 2009 kuna hifadhi ya bahari kwa ajili yake. Kwenye kina hicho ungehitaji mitambo inayoelea, kama ile mitano iliyofungwa Scotland mwaka 2017 yenye megawati 30 kwa jumla. Hiyo inafanya kazi vizuri, ila ndiyo ghali kuliko yote.

Kesi niliyosema nitaifikia ni ya wavuvi. Ulaya wavuvi wanaokokota nyavu kwenye sakafu ya bahari hawawezi kupita kirahisi katikati ya nyaya na nguzo, na manung'uniko yao hayajaisha. Kwa upande mwingine, misingi ya mitambo hugeuka kuwa makazi: kome wanashika, samaki wanafuata chakula, na mvuvi wa mshipi anaweza kufaidika. Mji wa Grimsby nchini Uingereza, uliokufa kiuchumi pamoja na uvuvi wake, leo ni kituo cha mafundi wanaohudumia mitambo. Ila kwenye mkondo wa Zanzibar kuna ngalawa, kuna wavua dagaa wa usiku kwa taa, kuna boti za abiria kila siku, na kuna pomboo wa Kizimkazi ambao watalii wanawafuata. Kishindo cha kugongelea nguzo kwenye sakafu ya bahari kinawafukuza wanyama wa aina hiyo. Ujerumani imeweka kikomo cha kelele, na makandarasi huzungushia nguzo pazia la mapovu ya hewa ili kuupunguza mlio. Masharti kama hayo yana bei, na nisingependa kuona mradi wetu unajengwa kwa kuyaruka.

Kitu ambacho kimenishughulisha zaidi ni majira ya upepo wenyewe. Watu wa pwani wana kusi, inayovuma kuanzia Aprili au Mei hadi Septemba, na kaskazi, inayovuma Desemba hadi Machi. Katikati kuna maleleji, bahari inatulia. Sasa weka hayo sambamba na mabwawa. Mvua zikiisha Mei, kina cha maji kinaanza kushuka, na kinashuka kipindi chote ambacho kusi inavuma. Huo ni ulinganifu mzuri ajabu: upepo ungezalisha wakati maji yanapungua, na kila uniti ya upepo ya Julai ingebakiza maji bwawani. Lakini kumbuka mgao wa 2022. Ulikuja Novemba, kusi imekwisha, kaskazi haijashika, mito imekauka. Mitambo ya baharini ingekuwa inazunguka kivivu wiki hizohizo. Msaada wake ungekuwa ule wa miezi iliyotangulia, maji yaliyotunzwa, na hilo linataka msimamizi wa gridi mwenye nidhamu ya kutoyamwaga mapema. Kwangu hii ndiyo hoja bora kuliko zote ya kuutaka upepo nchini. Ila angalia: haidai lazima uwe upepo wa baharini.

Turudi Kaskazini. Nenda kwenye mashine ya kusaga pale Pasua saa moja jioni, watu wakiwa wamewasha kila kitu majumbani. Taa inageuka rangi ya njano. Mwenye mashine anabonyeza swichi, mota inanguruma bila kuzunguka, anaizima haraka na kuweka kiganja juu yake kusikia joto. Volteji ikishuka mota inavuta ampea nyingi kuliko kawaida, nyaya za ndani zinapata moto, na gharama ya kuisuka upya inakula faida ya wiki nzima. Kwa hiyo anawaambia kina mama waache ndoo zao za mahindi warudi saa nne usiku. "Umeme mdogo," anasema, na wote wanaelewa. Wakati huohuo nchi ina mitambo ya zaidi ya megawati 4,000, na mahitaji ya juu kabisa mwanzoni mwa 2025 yalikuwa kama megawati 1,900. Umeme upo. Shida ni kwamba sisi tuko mwishoni mwa waya. Kuongeza megawati 100 pembeni ya Dar es Salaam, ziwe za upepo, gesi au maji, hakutaiwasha mota ile.

Kenya walilijua hilo kwa gharama. Mitambo ya Turkana ilikamilika 2017, lakini njia ya kuusafirisha umeme hadi Suswa, zaidi ya kilomita 400, ikakamilika Septemba 2018. Mwaka ule wa kusubiri walilipia umeme ambao haukuwa na pa kupita.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: upepo tuutake, lakini tuanze nchi kavu, tena tuanze Singida. Vipimo vilivyofanywa kwa urefu wa mita 30 vilionyesha wastani wa mita 9.9 kwa sekunde Kititimo, Singida, na 8.9 Makambako. Mgagao wilayani Mwanga na Karatu navyo vilipimwa, vikawa chini. Kasi ya Singida inashindana na bahari nyingi, tena bila meli na bila waya wa chini ya maji. Na Singida ndiko inakoanzia njia ya msongo wa kilovoti 400 inayopita Babati, kituo cha kupoza umeme cha Lemugur hapa Arusha, Namanga, hadi Isinya nchini Kenya. Ni njia hiyohiyo itakayotuletea umeme wa Ethiopia. Hamadi kibindoni. Mtambo ukisimama Singida, umeme wake unapanda moja kwa moja kwenye njia inayotuhusu sisi. Inasikitisha kwamba miradi ya Singida imezungumzwa kwa zaidi ya muongo mmoja, huku tulichonacho kwenye gridi ni mitambo mitatu ya Mwenga, Mufindi, yenye megawati 2.4.

Nchi kavu nako kuna madhara yake. Kipeto, kule Kajiado nchini Kenya, mradi wa megawati 100 uko kwenye eneo la tai mzoga walio hatarini kutoweka, na wameweka watu wa kuangalia anga na kusimamisha mtambo ndege wakikaribia. Singida ina maziwa yenye heroe, kwa hiyo utaratibu huo uandikwe kwenye mkataba kabla ya zege la kwanza kumwagwa.

Bahari nisingeifunga. Unguja na Mafia zina mahitaji yao, na Unguja haina ardhi ya kutosha wala mto wa kujengea bwawa. Upande huo, kwenye maji ya kina kifupi, hesabu inaweza kugeuka siku riba na bei za mitambo zikishuka. Lakini hakuna benki itakayokopesha bila vipimo. Kupima upepo baharini kwa miaka miwili mitatu, kusi, kaskazi na maleleji yake, kunagharimu sehemu ndogo sana ya mradi. Tuna kituo cha mafunzo ya nishati jadidifu Kikuletwa, chini ya Chuo cha Ufundi Arusha, na tuna Taasisi ya Nelson Mandela papa hapa Tengeru. Wanafunzi wao wapewe kazi hiyo pamoja na wenzao wa Zanzibar, na takwimu zitakazopatikana ziwekwe wazi kwa kila anayetaka kuzisoma, wavuvi wa mkondo ule wakiwa wa kwanza.