Mtoto Amepatikana, Picha Bado Iko Ukutani

Mnamo Januari 1996, Rais Bill Clinton aliziagiza idara za serikali kuu ya Marekani ziruhusu picha za watoto waliopotea zibandikwe katika majengo yao. Kwa Kenya, swali la leo ni iwapo skrini zinazoita nambari za foleni katika vituo vya Huduma, vinavyotoa huduma za serikali mahali pamoja na ambavyo sasa ni zaidi ya 50, zitumike kuonyesha nyuso za watoto wanaotafutwa.

Wanaosita hawakosi sababu. Kifungu cha 33 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 kinataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia taarifa za mtoto, na kinataka pia maslahi ya mtoto mwenyewe yalindwe. Je, mtoto akiwa amemkimbia mzazi huyohuyo anayetoa idhini? Nchini Marekani, kati ya kesi zipatazo 28,900 zilizofikishwa mwaka 2023 kwa NCMEC, kituo cha kitaifa kinachoshughulikia watoto waliopotea, zaidi ya tisa katika kila kumi zilihusu watoto waliotoroka makwao, na waliotekwa na watu wasio wa familia walikuwa wachache mno. Hatuwezi kudhani kwamba Kenya iko vilevile, lakini tahadhari inatuhusu: tangazo litoke baada ya kesi kupewa nambari ya OB, yaani kitabu cha matukio cha polisi, na simu inayoandikwa iwe ya polisi au 116, nambari ya msaada kwa watoto, isiwe ya baba.

Hata hivyo, hoja ya faragha huelekezwa kwa skrini kana kwamba karatasi haina dhambi. Mtu aingie ofisi ya chifu atazame ubao wa matangazo. Kati ya ilani ya mbolea ya ruzuku na tangazo la mnada, ataona fotokopi ya fotokopi, uso umebaki doa jeusi, kona moja imechanika pamoja na tarakimu mbili za simu. Anayepita hajui kama mtoto huyo alirudi, na hakuna aliyepewa kazi ya kuibandua. Huenda alipatikana siku ya pili, sokoni, kwa shangazi, na bado jina lake kamili, shule yake na alama ya kovu lake vinasomwa na kila anayekuja kutafuta barua ya chifu. Mtoto wa namna hiyo amepatikana kwao, ila ubaoni angali amepotea.

Skrini inaweza kuzimiwa picha hiyo kwa dakika chache, katika vituo vyote kwa mpigo mmoja. Kwangu mimi, faida hiyo inazidi ile ya kusambaza haraka ambayo husifiwa kila mara. Ni kweli kwamba mtu aliye kwenye foleni anaweza kuipiga picha skrini na kuirusha WhatsApp, na huko haishikiki tena. Lakini karatasi nayo hupigwa picha kila siku.

Linalobaki ni nani atakayeizima. Afisa aliyefungua kesi ndiye anayejua imefungwa, kwa hiyo tangazo lipewe muda, tuseme siku saba, kisha lijiondoe lenyewe asipolihuisha. Na katika ofisi za chifu zisizo na skrini, tarehe hiyohiyo ichapishwe juu ya karatasi, ili hata mhudumu anayefagia awe na ruhusa ya kuibandua.