Mjomba na Mashine Isiyo na Usukani

Mtu aliyeendesha trela kutoka Mombasa hadi Bujumbura kwa miaka mingi hawezi kufundishwa namna ya kusogeza kikapu kwenye uwanja wa kuegesha magari. Huo ndio uliokuwa msimamo wa Mjomba, na kwa heshima ya umri wake sisi wengine tulinyamaza.

Tulikuwa tumepewa kazi ya kubadilisha taa za nguzoni katika jengo moja hapa Mombasa, na mwenye jengo alikuwa amekodi mashine ya kunyanyulia watu, ile yenye mkono mrefu na kikapu kwenye ncha yake. Mimi ni fundi wa umeme. Nilijifunza kuiendesha nilipokuwa kibaruani Qatar, nikapewa na kadi ya IPAF, shirikisho la kimataifa la mashine hizi, lakini kadi hiyo hudumu miaka 5 na yangu ilikuwa imekwisha muda. Mjomba hakuwa na kadi yoyote ambayo ingeweza kuisha muda, kwa hiyo msimamizi akaona yeye ndiye anayefaa.

Tulipoingia kikapuni, jambo la kwanza aliloniuliza lilikuwa usukani uko wapi. Nilimweleza kwamba hakuna usukani: mwendo unatoka kwenye kijiti, na kona zinakatwa kwa kitufe kidogo kilicho juu ya kijiti hicho, kinachobonyezwa kwa kidole gumba kushoto au kulia, huku mguu ukikanyaga kanyagio la sakafuni, maana ukiuondoa mguu kila kitu kinasimama. Alinitazama kwa huruma.

“Mwanangu,” akasema, “gari linaendeshwa kwa mabega, haliendeshwi kwa kidole gumba.”

Mshipi wa usalama alikubali kuuvaa baada ya kumwambia kwamba gurudumu likiingia kwenye shimo dogo tu, mtikisiko hupanda mkono mzima na kufika kikapuni ukiwa umekua, hata mtu akaweza kurushwa nje. Aliuvaa, lakini kuufunga kwenye pete ya kikapu hakutaka, kwa kuwa yeye si mbuzi. Nilimfungia mwenyewe alipokuwa akizungumza kwa simu.

Taa ya kwanza tuliibadilisha bila tatizo. Ya pili ilikuwa upande wa pili wa mashine, kwa hiyo Mjomba aliuzungusha mkono nusu duara, nayo ikabadilishwa. Kufika hapo, elimu yote ya trela ilikuwa imefikia mwisho wake, kwa sababu mkono ukishazunguka namna hiyo, aliye kikapuni amegeuka lakini magurudumu hayakugeuka: kijiti kinachosukumwa mbele humpeleka nyuma, na kona ya kulia humwendea kushoto. Ndiyo maana fremu ya chini imechorwa mishale ya rangi mbili, na paneli ya kikapuni ina mishale ya rangi hizohizo, ili dereva alinganishe rangi kabla ya kugusa kitu. Mjomba alikuwa ameiona mishale hiyo asubuhi na kuisifu kwamba imepakwa vizuri.

Tena mtengenezaji, akijua binadamu walivyo, ameweka na kizuizi. Mkono ukishapita magurudumu yasiyokata kona, taa ndogo huwaka na mwendo hukatika, hadi dereva abonyeze kitufe kukiri kwamba ameelewa mambo yamegeuka. Mjomba aliona taa, akaona kitufe, akakibonyeza. Alipochelewa kusukuma kijiti mwendo ukakatika tena, naye akakibonyeza mara ya pili kwa hasira, kisha akasukuma kijiti mbele.

Tukarudi nyuma.

Nyuma ya migongo yetu kulikuwa na jengo lenyewe, na katika orofa ya kwanza kulikuwa na kliniki ya meno, dirisha lake likiwa wazi kwa sababu ya joto. Kikapu kilikuwa usawa wa dirisha hilo hasa, kwa kuwa Mjomba alikataa kukishusha kabla ya kuondoka, akisema kushuka na kupanda ni kupoteza muda wa mwajiri. Mkono ukiwa juu, mashine hizi hujipunguzia mwendo zenyewe, hivyo tulikuwa tukitambaa taratibu kuliko mtu anayetembea, na kila aliyekuwa uwanjani alipata nafasi ya kutafuta kivuli na kutazama vizuri.

“Mjomba, kivute kijiti!” nikasema.

“Tunarudi nyuma nawe unataka nivute?” akanijibu, akakisukuma zaidi, kwa hoja kwamba chombo kinachorudi nyuma dawa yake ni kukipeleka mbele.

Kisha akaikumbuka trela. Trela ikirudishwa nyuma, usukani hukatwa kinyume cha upande unaoutaka, na kanuni hiyo imemlisha maisha yake yote. Akaitumia kwenye kitufe cha kidole gumba, ambacho tayari kilikuwa kimegeuka, na kwa hesabu ambayo hata yeye hakuijua, kinyume juu ya kinyume kikawa sawasawa. Kwa muda mfupi tukaenda alikotaka. Akafurahi, akakiachia kitufe, akangoja magurudumu yajinyooshe. Magurudumu ya mashine hizi hayajinyooshi. Hubaki yalivyopindwa mpaka uyarudishe kwa kitufe kilekile. Tukaanza kuchora duara, na duara hilo lilipitia dirishani.

Kilichotuokoa ni ukingo wa bustani. Gurudumu moja lilipanda juu yake, mashine ikainama, kengele ya mwinamo ikalia na mwendo ukakatika. Mjomba akabonyeza kitufe chekundu cha dharura, akaondoa mikono yote miwili na kuapa kwamba hatagusa tena kitu kisicho na usukani. Sauti ikatoka nyuma yetu, kwa utulivu mkubwa:

“Mna miadi?”

Daktari alikuwa ameshika koleo. Mgonjwa aliyekuwa kitini alikuwa ameacha kinywa wazi, ingawa hakuna aliyemwambia aendelee kukiacha hivyo.

Chini kuna paneli nyingine ya kuongozea mashine, iliyowekwa kwa ajili ya mkasa kama huu, na ufunguo wake ulikuwa mahali pake. Mlinzi, hata hivyo, alikuwa ameamriwa asubuhi asiguse mashine, na akataka amri hiyo ifutwe na aliyeitoa, ambaye alikuwa amekwenda kula. Tukangoja. Daktari, ambaye kwa muda wote wa makelele alikuwa amekitazama kinywa cha Mjomba kwa jicho la kitaalamu, akamulika tochi na kusema kwamba jego la chini upande wa kushoto lazima ling'olewe. Mjomba alikubali kuja Jumatatu, ila alikataa ada ya kufungua faili, kwa kuwa hakupitia mapokezi. Daktari akamwambia ada hiyo hulipwa na kila mgonjwa, awe ameingia kwa mlango au kwa dirisha. Walivutana hadi wakakubaliana nusu, na fedha zikapita juu ya kiyoyozi.

Risiti ilikuwa bado inaandikwa msimamizi alipofika na kugeuza ufunguo wa chini. Mkono ukaanza kutuondoa ukutani, na Mjomba akapiga kelele kwamba turudishwe dirishani mara moja.