Picha Haionyeshi Kitu, Mgongo Bado Unauma

Nilianguka kutoka kidato cha tatu cha ngazi. Nikisema hivyo watu hucheka, na mimi hucheka nao, maana huo ni urefu ambao mtoto huuruka kwa kujifurahisha. Nilikuwa nimebeba sanduku, mguu ukateleza, nikafikia makalio. Wiki ya kwanza sikuweza kujigeuza kitandani bila kushika ukingo wake. Wiki ya sita nikaambiwa mifupa iko salama. Mwaka wa pili ukaisha huku nikifunga kamba za viatu nikiwa nimeegemea ukuta.

Katikati ya safari hiyo kuna sentensi moja niliyoambiwa ambayo sijaimeza hadi leo: "Picha haionyeshi kitu."

Daktari aliyeisema hakuwa na nia mbaya. Kwake ilikuwa habari njema: hakuna pingili iliyovunjika, hakuna neva iliyobanwa, nenda zako. Lakini mtu aliyeingia na maumivu akitoka na sentensi hiyo peke yake, anachosikia ni kingine kabisa. Anasikia kwamba anadeka, au anatafuta ruhusa ya kukaa nyumbani. Mimi nilisikia hivyo, nikaona aibu, nikaacha kutafuta msaada kwa miezi minane. Nikipiga hesabu ya hasara zangu zote, siku ya kuanguka haifiki hata nusu ya hiyo miezi minane.

Ninachodai ni kwamba sentensi ile ilipaswa kuwa mwanzo wa matibabu, nasi tumeifanya kuwa mwisho wake. Eksirei huona mfupa. Kipimo cha MRI huona zaidi: diski zilizo kati ya pingili, neva zinapotokea, hata misuli. Hakuna mashine kati ya hizo inayopiga picha ya maumivu. Mwaka 1994 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha uchunguzi wa watu 98 wasio na maumivu yoyote ya mgongo. Waliingizwa kwenye mashine ya MRI, na asilimia 52 kati yao walikutwa na angalau diski moja iliyotuna. Watu wazima, wanainama na kuinuka bila taabu, na picha zao zingeweza kumtisha mtu. Basi kama picha mbaya inaweza kukaa ndani ya mgongo usiouma, kwa nini tunashangaa mgongo unaouma ukitoa picha nzuri?

Misuli na kano nyingi zilizojeruhiwa huwa zimeshapona kadiri zitakavyopona ndani ya miezi 3. Ndiyo sababu maumivu yanayovuka miezi hiyo huitwa maumivu sugu. Katika toleo la 11 la orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, lililoanza kutumika mwaka 2022, maumivu sugu yamepewa nafasi yake yenyewe, na yale yanayobaki baada ya jeraha yametajwa humo. Si kudeka. Ni hali ya kiafya yenye jina.

Wazee wetu waliieleza kabla ya mashine zote hizi: mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Mfumo wa neva ukishang'atwa mara moja, huanza kuruka kwa unyasi. Kuinama kidogo, kukaa muda mrefu, hata kukohoa, vyote huripotiwa kwenye ubongo kama hatari. Mwaka 1965 watafiti wa maumivu Ronald Melzack na Patrick Wall walitoa nadharia yao kwamba ndani ya uti wa mgongo kuna kitu kama lango, nalo hufunguka au kubana njia ya maumivu kutegemea mengi, yakiwemo yanayoshuka kutoka kwenye ubongo. Tangu hapo nadharia hiyo imerekebishwa sana, ila imenisaidia kuelewa kwa nini nikilala vibaya usiku, au nikigombana na mtu asubuhi, mgongo hunikamata kufika mchana. Na nisieleweke vibaya: kusema ubongo unahusika si kusema maumivu ni ya kubuni. Maumivu yote duniani hupitia huko, hata ya kidole kilichobanwa mlangoni.

Hapa nipige breki kidogo, kwa sababu kuna migongo ambayo haitakiwi kusoma maoni ya mtu yeyote bali kwenda hospitali. Ukihisi ganzi katikati ya mapaja au kuzunguka njia ya haja kubwa, ukishindwa kukojoa au kujizuia, au miguu yote miwili ikilegea, nenda siku hiyo hiyo, usingoje kuche. Maumivu yanayokuja na homa, kukonda bila sababu, au kwa mtu aliyewahi kuugua saratani, nayo yanataka kuchunguzwa mapema. Mzee, au mtu aliyetumia dawa za steroidi kwa muda mrefu, anaweza kuvunjika pingili kwa anguko dogo kama langu. Kwa hao picha ni ya lazima.

Sisi wengine, tulioonekana hatuna kitu, tufanye nini?

Nilifanya karibu makosa yote. Nililala. Mwaka 1986 tayari ilishachapishwa kwamba wagonjwa wa mgongo walioambiwa wapumzike kitandani siku 2 walikosa kazini siku chache kuliko walioambiwa wapumzike siku 7. Mimi nililala wiki tatu. Nilivaa mkanda wa kiuno hadi ukaacha alama kwenye ngozi. Nilimeza vidonge vya kutuliza maumivu vya diclofenac kana kwamba ni karanga, mpaka tumbo likaanza kuunguza. Dawa za jamii hiyo husaidia, lakini zikizoeleka huchimba vidonda tumboni na kuzichosha figo. Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu maumivu sugu ya kiuno: mazoezi, kumwelimisha mgonjwa, na tiba ya kisaikolojia vimo, mikanda na dawa kali za jamii ya afyuni limeshauri visitolewe kwa mazoea. Niliposoma niliutazama mkanda wangu kwenye kamba ya kuanikia nguo kwa muda mrefu.

Aliyenirudisha njiani alikuwa mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, na alianza kwa swali. Kabla yake kila niliyemwona aliniuliza maumivu yangu ni mangapi kwa kumi. Nilikuwa nasema saba. Wakaandika saba. Siku nikisema nane waliandika nane. Yeye aliuliza, "Kitu gani ulikuwa unafanya, na sasa hufanyi?"

Nilikaa kimya. Kisha nikaanza kumimina: sikai kwenye kiti zaidi ya dakika ishirini. Simbebi mwanangu, na ameshaacha kuniomba. Kamba za viatu. Kuingia kwenye gari natanguliza makalio kama bibi harusi. Akaandika yote, kurasa mbili, na kwa mara ya kwanza nikaona karatasi yenye mgongo wangu mimi, si tarakimu. Ushauri wangu mkubwa kwa anayejiandaa kwenda kwa daktari ni huo: acha namba, peleka orodha ya ulivyoshindwa. Namba haina pa kushikwa. "Siwezi kukaa dakika ishirini" ina pa kuanzia, na baada ya mwezi unaweza kuuliza kama zimekuwa ishirini na tano.

Akanipa kutembea. Dakika sita. Nilijisikia kudharauliwa kidogo, nikamwambia siku nzuri naweza kufika nusu saa. Akaniuliza na kesho yake je? Kesho yake huwa nimelala. Ndipo akanionyesha mtego niliokuwa nikiuingia mwaka mzima: siku nzuri nafua, nahamisha makabati, nalipiza kila kazi iliyonisubiri, siku tatu zinazofuata naugulia, na neva zinajifunza upya kwamba kusogea ni hatari. Kwa hiyo dakika sita siku mbaya, dakika sita siku nzuri, hata kama miguu inataka kuendelea. Kuongeza ni baada ya wiki, na kidogo tu. Hakuna jambo gumu nililofanya katika matibabu yote kama kusimama dakika ya sita siku ambayo mgongo ulikuwa kimya.

Wa nyumbani nao wana sehemu yao. Mkono uliovunjika hufungwa plasta, watu wakakupisha na kukuuliza hali. Mgongo hauna plasta. Mwezi wa kwanza wanakuonea huruma, wa nne wanakutazama ukiinuka kwenye kiti na kupumua kwa sauti kama mtu anayerudia wimbo aliouchoka. Siwalaumu sana, hata mimi nilikuwa nimejichoka. Lakini aliyenisindikiza kliniki mara moja tu, akakaa pembeni na kusikiliza ile orodha, hakuniuliza tena kama kweli naumwa.

Na madaktari? Najua foleni iliyoko nje ya mlango, najua dakika kumi za mgonjwa mmoja. Ninaomba sentensi moja zaidi, haizidi sekunde kumi: "Picha haionyeshi hatari, kwa hiyo ni salama kuanza kuusogeza mgongo, sasa tutafute nani wa kukusaidia." Ningeondoka na barua ya rufaa badala ya aibu.

Sasa natembea dakika arobaini. Kuna siku mgongo unakumbuka, hasa nikikaa safari ndefu. Viatu vya kamba nimerudi kuvivaa: cha kulia nafunga nikiwa nimesimama katikati ya chumba, cha kushoto bado naegemea ukuta.